Kwenu Mgeta? Haya, nionyeshe kwenye simu!

Wiki hii sina habari za nani kamwaga nani Kinondoni. Nina swali kwa wale wote wenye kwao huko juu Mgeta, mnaorudi Dar na viroba vya kabichi na karoti halafu mnazuga mmezaliwa Sinza. Kwenu ni wapi?

Usinijibu kwa mdomo. Nionyeshe kwenye simu.

Hapo ndipo watu wanaanza kujikuna kichwa. Barabara inayoacha njia kuu ya Iringa pale Sangasanga utaiona, ikapita Mlali, ikapanda mpaka Langali na Nyandira. Baada ya hapo? "Ukifika kwenye mparachichi mkubwa nipigie." Sasa kama ni saa nane za usiku, mama kashikwa uchungu, mvua inamwagika na mtandao umekata, dereva mgeni ampigie nani? Mparachichi?

Kuna ramani inaitwa OpenStreetMap. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na jamaa anaitwa Steve Coast, na inachorwa na watu kama mimi na wewe, wengi wao bila malipo. Programu zake ni huria, yaani namna zilivyoandikwa iko wazi, fundi yeyote anafungua, anarekebisha, anarudisha. Na ramani yenyewe ni hivyo hivyo: chukua, tumia hata kwa biashara, ila useme umeitoa wapi, na ukiiboresha ukaitoa kwa watu, nayo ibaki huria. Wazee wetu walikuwa wanaita ujima, leo tunalima kwako kesho kwangu.

Na msidhani ni mambo ya Wazungu tu. Tandale walichora mtaa wao mwaka 2011. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Ardhi wakaingia mitaani na wenyeji, wakachora mitaro na nyumba za sehemu zinazokumbwa na mafuriko. Mwaka huo huo Crowd2Map nayo ikaanza kuchora vijiji vya Tanzania, na kule Mara ramani hizo zikasaidia wanaowafuata mabinti wanaokimbia kukeketwa. Kumfikia binti usiku kwenye kijiji ambacho hakimo kwenye ramani yoyote si mchezo, jamani. Agosti 2018 mafundi wa programu huria za ramani wa dunia nzima walikutana hapa hapa Dar.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Mtu yuko Ujerumani, hajawahi kufika Morogoro, anaangalia picha ya setilaiti na kuchora paa moja moja. Ahsante zake. Lakini paa ni paa. Hajui kama ni zahanati, kanisa au banda la mbuzi, na Mgeta mbuzi wa maziwa wengine wana mabanda mazuri kuliko geto lako. Kijia anakiona, ila hajui kama masika pikipiki inapita. Na jina la mahali, hata setilaiti iwe na macho gani, halionekani kutoka angani. Unalijua wewe.

Vifaa si vya kutisha. Organic Maps unapakua eneo lako mara moja, baadaye inakwenda bila bando, na ukisimama mahali unaweza kupaongeza hapo hapo. Wenye Android kuna StreetComplete, hiyo inakuuliza maswali kama mtoto mdadisi: njia hii ni ya udongo au kokoto? Kwenye kompyuta kuna iD, na wale waliokubuhu wanatumia JOSM. Akaunti ni bure.

Ila mambo matatu naomba. Usinakili kutoka ramani ya Google, ile ina wenyewe. Usiandike jina la mtu juu ya nyumba yake. Na usipandishe cheo kijia cha mjomba kiwe barabara eti malori yafuate njegere. Lori litakwama na mjomba ndiye atakayelala nalo.

Binamu yangu, mtu wa hesabu sana, alinikatisha: "Unawalimia matajiri bure. Hata Meta na Apple wanatumia ramani hiyo!" Kweli wanatumia, na sifichi, inauma kidogo ukiwa umechacha. Lakini ukisusa wewe, Apple hawalali njaa. Anayezunguka usiku na mgonjwa mgongoni ni wa kwenu. Binamu alinuna, ila nimemwona anapakua.

Mimi kilichonishika zaidi ni majina. Chukua kata ya Tchenzema. Serikali inaandika na "Tch", wengine tunaandika Chenzema kama tunavyotamka. Kwenye ramani hii huna haja ya kupigana, kuna sehemu ya jina kuu, jina jingine, hata jina la zamani, yote yanakaa. Ukikosea, mwingine anasahihisha, na nani kabadili nini inabaki imeandikwa.

Sasa kuna kivuko cha magogo njia ya kwenda kwa bibi. Bibi ana jina lake la Kiluguru. Mzee jirani anasema hilo ni la kijito, kivuko kina jina jingine kabisa, la marehemu aliyekitengeneza. Wamebishana kwa simu mpaka salio likaisha. Nimeshaweka alama ya kivuko, jina nimeliacha wazi. Pasaka napanda, nawakalisha wote wawili pale pale kwenye magogo.