Dakika Kumi za Jumapili Zinazoua Gari

Jumapili asubuhi katika milima ya Upare Kusini ina sauti yake. Wasabato wa Suji na vijiji jirani walipumzika jana, kwa hiyo leo ni siku ya kazi. Kuni zinapasuliwa, nguo zinaanikwa, na nyuma ya nyumba moja yenye bati jipya injini ya gari inaamka. Inanguruma dakika kumi. Kijana aliyeachiwa ufunguo anapiga resi mara mbili tatu, anatazama moshi mweupe unavyotoka, anazima, anarudisha turubai. Kisha anampigia simu mwenye gari aliyeko Dar es Salaam: "Shikamoo kaka. Nimeliwasha, liko vizuri."

Haliko vizuri. Kwa zile dakika kumi limeumia kuliko ambavyo lingeumia kama angeliacha lilale. Ninajua nasema kinyume cha kile ambacho karibu kila mtu kutoka Mwanga hadi Gonja amekishika kama sala: gari lisilotumika liwashwe kila wiki, hata kwa dakika tano, "lisife". Imani hiyo imeshatumaliza, na mimi nimechoka kuinyamazia.

Gari la marehemu baba yetu lilikwenda hivyo. Alipofariki, sisi watoto tulitawanyika mijini tukakubaliana libaki nyumbani kwa ajili ya mama. Mama haendeshi. Binamu yetu mdogo akapewa ufunguo na agizo moja: liwashe kila wiki, usilitoe. Karibu mwaka mzima hakukosa wiki hata moja. Desemba tulipokusanyika, kaka alikwenda moja kwa moja kwenye dashibodi, akasoma kilometa, akakuta ni zilezile alizoziacha. Tukamsifu binamu mbele ya watu. Siku mbili baadaye fundi alifungua mfuniko wa oili, na kwa ndani ulikuwa umepakwa kitu cheupe kizito kama mtindi. Kijiti cha kupimia kikatoka na rangi ya chai ya maziwa. Ekzosi alipoigonga kwa spana ilimeguka. Binamu alisimama pale akiwa haelewi amekosa nini, na kwa kweli hakukosa kitu. Alitimiza agizo letu sawasawa.

Sasa tuelezane kilichotokea, maana hakuna uchawi.

Petroli inapoungua huzaa maji. Lita moja ya petroli ikiungua yote hutoa takriban lita moja ya maji, kama mvuke. Injini ikiwa ya moto, mvuke huo hupita kwenye ekzosi na kupotea hewani usiuone. Injini ikiwa ya baridi, mvuke hukutana na chuma baridi ukageuka matone. Ule moshi mweupe wa asubuhi ni huo, na yale maji yanayodondoka kwenye bomba ni hayo hayo. Watu wetu huyaona wakafurahi: "Injini nzima hii, inatoa maji!" Ni kweli kwamba injini inaungua vizuri. Lakini ukizima wakati huo, maji yanayobaki ndani ya ekzosi hukaa wiki nzima yakila bati, na Jumapili inayofuata unaongeza mengine juu yake.

Sehemu ya mvuke hupenya kwenye ringi za pistoni ikashuka kwenye oili. Petroli nayo hushuka, kwa sababu injini baridi hulishwa mafuta mengi kuliko inavyoweza kuyaunguza, na yale yasiyoungua huosha kuta za silinda na kuishia chini. Oili iliyochanganyika na maji, petroli na tindikali za moshi hailindi kitu. Dawa yake ni moja, joto la kutosha kwa muda wa kutosha, maji yachemke yatoke. Hapo ndipo wengi wanapodanganywa na mshale wa joto. Wanauona umefika katikati wakasema injini imepata moto. Mshale ule unapima maji ya rejeta, haupimi oili. Oili hupata joto polepole zaidi, na gari likiwa limesimama halina mzigo wa kulifanya litoe joto. Dakika kumi papo hapo lilipo hazifiki. Ishirini barabarani, gari likivuta, zinaanza kufika. Nusu saa ni bora.

Na kuna lile la kuwasha kwenyewe. Gari likilala siku nyingi oili hushuka karibu yote chini. Ukilipiga stata, vyuma husuguana kwa nukta kadhaa kabla pampu haijapandisha oili juu. Ulaji huo haukwepeki, lakini mtu aliyewasha ili asafiri amelipa gharama akapata safari. Aliyewasha ili azime analipa gharama hiyo hiyo mara 52 kwa mwaka bila kupata chochote. Na ile tabia ya kupiga resi injini ikiwa ya baridi, eti "iamke", ningeipiga marufuku kama ningekuwa na mamlaka.

Najua jibu litakalokuja: basi walau betri inapona. Tupige hesabu. Saa, alamu na kompyuta ya gari hunyonya umeme hata gari likiwa limefungwa. Chukua miliampea 30 tu. Kwa wiki moja ni takriban ampea-saa 5. Sasa washa dakika kumi, na tuseme altaneta inapeleka ampea 12 kwenye betri bila kupungua, hesabu ambayo ni ya ukarimu kwa gari lililosimama. Umerudisha ampea-saa 2. Kila wiki una deni la 3. Baada ya wiki kumi betri ya ampea-saa 45 imepoteza 30, na betri ya risasi na tindikali ikikaa hivyo hupata ugumu ndani ambao hata chaja haiuondoi. Kumbe kuchomoa waya wa hasi kwa spana namba kumi, kazi ya dakika moja, kungeisaidia kuliko miezi ya kuwasha.

Huku kwetu milimani mambo ni mabaya zaidi kuliko yalivyo Same mjini. Same kuna joto na ukame; adui wa gari pale ni vumbi, na jua linalopasua mipira. Panda kuelekea Chome, chini ya mlima Shengena wenye mita 2,462, ukutane na ukungu wa Juni na Julai. Chuma kinaamka kikiwa kimelowa. Tangi lenye mafuta robo linapumua hewa mbichi usiku na mchana, na maji yanajikusanya chini yake. Mtu wa Mamba anayefuata kanuni aliyosikia gereji ya Dar es Salaam anafuata kanuni ya nchi nyingine.

Lakini sayansi hii si ngumu, na mafundi wengi wanaijua. Kwa nini basi imani haifi? Nimelifikiria sana jambo hili, na naamini kiini chake hakiko kwenye injini. Kiko kwenye odomita. Mwenye gari yuko mbali na hamwamini aliyemwachia. Anaogopa kijana atabeba abiria, atapeleka tangawizi mnadani, ataringia wasichana. "Liwashe tu, usiliendeshe" ni agizo la mlinzi wa mali, si la fundi. Namba isiyosogea ndiyo ushahidi wake wa uaminifu. Kwa hiyo tunawapima ndugu zetu kwa kipimo ambacho, kikitimia, gari limekufa.

Gharama nayo imetuzoeza vibaya. Mwaka 2017 serikali ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, ikaongeza shilingi 40 kwa kila lita ya mafuta badala yake. Uamuzi ulikuwa wa haki. Anayetembea ndiye anayelipa. Ila tangu hapo gari lililoegeshwa halimdai mwenyewe kitu cha kumkumbusha kwamba lipo. Linakaa nyuma ya nyumba kama kabati.

Gari la kijijini si kabati. Kule juu, mama akishikwa na uchungu saa nane za usiku, au mzee akibanwa na kifua, gari lililo karibu ndilo matumaini. Kijiji kizima kinajua liko wapi na nani ana ufunguo. Wanakuja wanabisha hodi. Nimewahi kusimama katika usiku wa namna hiyo nikisikia stata ikilia "tik, tik, tik" na watu wote wakanyamaza. Mgonjwa alishushwa kwa pikipiki, katikati ya dereva na dada yake. Alifika salama. Lakini ile sauti ya stata sijaisahau, na mtu asiniambie kwamba haya ni mambo madogo ya mafundi.

Mpare anayejua ndiva, bwawa letu la kumwagilia, anajua ninachosema. Maji yanakusanywa usiku, asubuhi mlango unafunguliwa, na unaachwa wazi mpaka maji yafike shamba lililopangiwa zamu. Hakuna anayeufungua dakika kumi, akasikiliza maji yakilia kwenye mfereji, akaufunga na kusema amemwagilia. Joto la injini nalo lina shamba lake la mwisho, na ni ncha ya ekzosi.

Basi gari liendeshwe. Kila wiki mbili inatosha, tatu si mbaya. Aliyeko Suji akishuka tu hadi Makanya na kugeuza hajafanya kazi kamili, maana kwenye mteremko injini haivuti. Gari linaburutwa na uzito wake wenyewe. Aende kwenye lami hadi Same na kurudi, kisha apande mlima injini ikiwa tayari ina moto. Aliyeko Makanya naye asianze na mlima wakati oili bado ni nzito. Gia zote zifanye kazi, breki zikamatwe kwa nguvu mara chache zifute kutu, kiyoyozi kama kipo kiwashwe. Oili ibadilishwe mara moja kwa mwaka hata kama kilometa ni 500.

Na kama kweli hakuna dereva, liacheni lilale, lakini lilazwe kwa heshima. Oili mpya kabla ya kulilaza, tangi lijae, matairi yajazwe upepo, waya wa hasi uchomolewe. Handibreki isivutwe, itaganda; wekeni gia na mawe chini ya magurudumu. Mbegu na mahindi visikae karibu, maana panya akishahamia anaanza na nyaya. Turubai la plastiki liondoke, linafungia unyevu. Baada ya hapo mtu asiliguse mpaka siku ya safari. Na yeyote anayeendelea kuwasha gari ndani ya banda lililofungwa aache leo hii. Moshi ule una hewa isiyonukia inayoua watu kimya kimya.

Nyumbani kwetu sasa kuna gari jingine, la mtumba, dogo. Binamu analiendesha kila Jumapili ya pili kwa pesa ya petroli tunayochanga sisi watano. Anashuka Same, anarudi na unga, sabuni na saruji ya majirani. Kwenye boksi la mbele kuna daftari la shule la kurasa 48 lenye tarehe na kilometa, na kaka, yule yule aliyefurahia namba isiyosogea, ndiye anayepiga simu jioni kuuliza. Jumapili mbili zilizopita mvua iliharibu barabara, binamu hakutoka, akaacha mstari mtupu. Kaka alimuuliza kwa nini namba haijasogea.