Sigara ya Umeme na Somo la Fizikia

Napenda kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo limekwisha kuingia katika shule zetu, ingawa wengi wetu twaona haya kulitaja. Jambo hilo ni sigara ya umeme, ile ambayo vijana huivuta ikatoa wingu jeupe lenye harufu ya matunda. Baadhi ya wenzangu, wanafunzi wa zamani, husema kwamba kulitaja darasani ni kuwafungulia watoto mlango. Mimi siafikiani nao. Naona yafaa mwalimu wa fizikia akichore chombo hicho ubaoni, akipigie hesabu mbele ya darasa zima.

Kwanza tuikumbuke sheria. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Uganda ilipitishwa mwaka 2015, ikaanza kutumika Mei 2016. Sheria hiyo imekataza kuingiza nchini, kutengeneza na kuuza sigara za umeme, na imekataza kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya umri wa miaka 21. Basi mwanafunzi akipatapo chombo hicho amekipata kwa magendo, na mwuza magendo hatoi risiti wala hasemi kilichomo. Nani atamweleza kijana ukweli kama sisi tutanyamaza?

Sisi tunaokaa Ggaba tunao mfano mzuri karibu nasi. Maji ya Kampala husafishwa hapa kando ya Ziwa Viktoria, kisha mitambo huyasukuma hadi kwenye matangi ya kilima cha Muyenga, na kutoka huko huteremka yenyewe mpaka majumbani. Kimo cha kilima ndicho kiyasukumacho maji. Hiyo ndiyo volti. Wingi wa maji yapitayo katika bomba kwa kila sekunde ndio ampea. Wembamba wa bomba uyazuiao ndio ukinzani, nao hupimwa kwa omu, kwa jina la Mjerumani Georg Simon Ohm aliyetangaza kanuni yake mwaka 1827. Kanuni yenyewe ni fupi: gawanya volti kwa omu, utapata ampea. Kisha zidisha volti kwa ampea, utapata wati, yaani kazi ifanywayo kila sekunde. Katika waya mdogo uliosokotwa ndani ya sigara ya umeme, kazi hiyo yote ni joto.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo vijana wengi wanapodanganyika. Huambiwa, "Hiki ni kibetri tu, hakifiki hata volti tano, kitakudhuru nini?" Haya, tuchukue betri ya lithiamu ya volti 3.7. Tukiitia waya wa omu 1.8, zitapita ampea 2 hivi, na joto litakuwa wati 7.6. Tukitia waya wa omu 0.5, zitapita ampea 7.4, na joto litapanda hadi wati 27. Tukitia waya wa omu 0.15, kama wafanyavyo wapendao wingu kubwa, zitapita karibu ampea 25, na joto litafika wati 91. Na betri ni ile ile!

Linganisheni na balbu ya zamani ya wati 60. Hiyo hutumia volti 240 za nyumbani, lakini ikiwaka ukinzani wake ni omu 960, na umeme uipitiao ni robo ya ampea tu. Tena fyuzi kubwa ya plagi ya ukutani ni ya ampea 13. Kwa hiyo kibetri cha kutia mfukoni hulazimishwa kutoa umeme unaokaribia mara mbili ya kiasi hicho. Betri isiyotengenezwa kwa mzigo wa namna hiyo hupata moto, na yaweza kupasuka ikiwa mkononi au karibu na uso. Volti chache, basi, si dalili ya usalama. Volti zisipobadilika, ukinzani ukipungua joto huzidi. Na ukinzani usipobadilika, volti zikiongezwa mara mbili wati huongezeka mara nne.

Joto hilo lina maana kubwa kwa mapafu. Majimaji yaliyomo ni gliserini na propilini glaikoli, pamoja na nikotini na manukato. Yakipashwa kiasi, hugeuka mvuke. Yakipashwa kupita kiasi, au utambi ukikauka, huvunjika yakawa vitu vingine, kama formaldehaidi, ambayo husababisha saratani. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portland State, Marekani, walieleza kwamba kwa volti 3.3 hawakuikuta katika mvuke waliopima, lakini kwa volti 5 waliikuta. Wataalamu wengine waliwapinga, wakasema kwamba kwa joto hilo ladha ya kuungua humfukuza mvutaji. Na wabishane, lakini pande zote mbili zajua volti zao. Kijana aliyenunua chombo kisicho na maandishi hajui lolote.

Najua nitajibiwa kwamba kijana akiielewa hesabu hii atajisokotea waya wake mwenyewe na kujiona fundi. Hatari hiyo ipo, siikatai. Ndiyo sababu nasema somo lisiishie kwenye wati. Kioo cha chombo hicho huonyesha volti, omu na wati. Hakionyeshi jinsi nikotini inavyomfunga mtu, wala hakisemi kwamba ubongo wa kijana huendelea kukomaa mpaka kiasi cha miaka 25. Hakuna wati chache wala nyingi ziwezazo kuifanya nikotini isiwe nikotini. Hesabu isiyofika hapo ni nusu ya hesabu.

Wadogo zangu mlio shuleni, mtu akiwaletea chombo hicho mwulizeni maswali matatu: betri ina volti ngapi, waya una omu ngapi, na majimaji yana nini ndani yake? Akishindwa kujibu, mmekwisha kumjua. Akijibu, pigeni hesabu, kisha mkumbuke lile lisiloonekana kwenye kioo. Wahenga walisema, wajinga ndio waliwao.

Nanyi wanafunzi wenzangu wa zamani mlio mafundi wa umeme, kuwakaripia vijana peke yake hakutoshi. Mmoja wenu aombe ruhusa kwa mwalimu mkuu, aje na mita yake na vipande vichache vya waya, awape vijana saa moja tu. Nadhani saa hiyo itawafaa kuliko hotuba kumi za kuwatisha.