Ilani ya Kazi Yenye Heshima

Ndugu wafanyakazi, ndugu wasimamizi, ndugu maofisa utumishi, nanyi wenye makampuni mliochoka kuogopwa: zama mpya zimeingia. Utawala wa kufoka umekwisha. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati ule, katika ibara ya 15, ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani Dar es Salaam wakaishika ibara hiyo, wakagoma kudai heshima. Walichokianza wao, tunakitimiza sisi.

Tunakataa ajira ya kidole. Saa kumi na mbili asubuhi watu wamejaa getini. Msimamizi anapita akinyoosha: wewe, wewe, na wewe pale. Jioni wanalipwa mkononi bila karatasi, kesho wanaanza upya. Kwa mtindo huo hapatikani fundi, wala hakisimami kiwanda.

Tunaamini kuajiri ni kuahidi. Kazi itangazwe, sifa ziandikwe, na anayeiweza apewe hata kama hana mjomba ofisini. Mkataba usomwe kwa Kiswahili, mbele ya mwenyewe, kabla hajashika kalamu.

Tunakataa tathmini ya Desemba, ile fomu inayojazwa kwa dakika tano na bosi ambaye mwaka mzima hajakanyaga karakana.

Tunaamini meneja ni mwalimu. Aliyekosea aelekezwe siku ile ile, tena pembeni. Aliyefanya vizuri asifiwe wenzake wakisikia. Mgeni apewe mwenyeji wa kumwonyesha kazi. Mkongwe amfundishe kijana bila hofu kwamba anamnoa atakayemng'oa.

Tunakataa haki kuitwa hisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki, malipo ya mara moja na nusu kwa saa ya ziada, likizo ya mwaka ya siku 28, na siku 84 za likizo ya uzazi. Hiyo ni sakafu tu. Sisi tumekuja kujenga ghorofa.

Tunaamini anayelalamika bado anaijali kazi. Aliyekwisha kukata tamaa hunyamaza akatafuta pengine. Asikilizwe kabla ya barua ya onyo kuandikwa. Akiuliza mshahara wake umekatwa nini, ajibiwe kwa hesabu, si kwa macho makali.

Tunaiona kampuni ijayo. Binti aliyeingia akiwa kibarua wa kufungasha anaongoza zamu. Fundi anasimamisha mashine mbovu bila kusubiri ruhusa, na hakuna anayemkaripia. Vyeo vinapanda kwa kazi, na mali inaongezeka kwa sababu watu wanajua wanachotakiwa kufanya, na watapata nini wakikifanya.

Ndugu, hatungoji waraka. Tunaanza na zamu ya kesho. Mfanyakazi, dai mkataba wako. Msimamizi, wajue watu wako kwa majina. Mwajiri, bandika kanuni za mishahara ubaoni, kila mtu azisome. Anayeogopa hayo, wakati umekwisha kumwacha!