Anayetoa zawadi haombi kutumiwa fedha kwanza

Akitokea mtu asiyejulikana pale Namanga, Busia au Rusumo akasema, "Nipe laki moja, baada ya nusu saa nakurudishia laki mbili," hakuna mfanyabiashara atakayefungua pochi. Wengine watacheka, wengine watamwita askari. Lakini maneno hayo hayo yakiwekwa kwenye tovuti yenye picha ya tajiri maarufu na saa inayohesabu dakika zilizobaki, watu wazima wenye akili zao hutuma fedha.

Huo ndio utapeli wa tovuti zinazodai kugawa bure sarafu za kidijitali kama Bitcoin na USDT. Si jambo la vijana wa mjini pekee. Wapo wafanyabiashara wanaoagiza nguo, vipuri na simu kutoka Guangzhou au Dubai ambao sasa huwalipa wauzaji wao kwa USDT, hasa dola zinapoadimika benki. Maana yake ni kwamba mtaji wa safari nzima huweza kukaa ndani ya simu moja. Matapeli wanalijua hilo.

Ulaghai huu umewahi kuvaa sura kubwa. Tarehe 15 Julai 2020, wahalifu waliingia ndani ya mtandao wa Twitter na kuziteka akaunti za watu kama Barack Obama, Joe Biden, Bill Gates na Elon Musk. Akaunti hizo zilitangaza kwamba atakayetuma Bitcoin atarudishiwa mara mbili. Ndani ya saa chache zilikusanywa zaidi ya dola 100,000. Kijana aliyeongoza uhalifu huo alikuwa na umri wa miaka 17, na mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miaka 3 huko Florida. Tume ya Biashara ya Marekani nayo ilieleza kuwa kati ya Oktoba 2020 na Machi 2021, watu walipoteza zaidi ya dola milioni 2 kwa walaghai waliojifanya Elon Musk. Akaunti zilikuwa za kweli na picha zilikuwa za kweli. Uongo ulikuwa kwenye ahadi.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza si sura ya tovuti, bali kile inachotaka. Tovuti hizi huja kwa njia tatu. Ya kwanza humtaka mtu atume kidogo ili apokee kingi. Ya pili humwonyesha kwamba tayari ameshinda, kisha humdai "ada ya kutolea" au "kodi" kabla ya kupewa. Akilipa, hudaiwa ada nyingine. Ya tatu ndiyo hatari zaidi: humtaka aunganishe pochi yake ya kidijitali na kubonyeza kibali asichokielewa, au aandike yale maneno ya siri 12 au 24 aliyopewa alipoifungua. Maneno hayo ni ufunguo wa ghala. Anayeyapata huchukua kila kilichomo, na hahitaji kuishika simu ya mwenyewe. Hakuna kampuni halali inayoyaomba, hata kwa kisingizio cha huduma kwa wateja.

Mapambo mengine yasimbabaishe mtu. Orodha ya majina ya "waliopokea" na maoni ya shukrani huandikwa na matapeli wenyewe. Video inayoonekana kuwa ya moja kwa moja huweza kuwa mahojiano ya zamani yaliyowekewa pembeni anwani ya kutumia fedha, au sura na sauti zilizotengenezwa kwa kompyuta. Alama ya kufuli juu ya ukurasa huonyesha tu kwamba mawasiliano na tovuti hiyo yamefichwa yasisomwe njiani. Hata mwizi huipata. Jina la tovuti nalo husomwa herufi kwa herufi, kwa kuwa sifuri huwekwa mahali pa herufi o, na namba 1 mahali pa herufi l. Aliye na shaka asibonyeze kiungo alichotumiwa. Aandike mwenyewe anwani ya kampuni anayoifahamu aone kama tangazo hilo lipo. Hata likiwepo, likitaka fedha zitangulie, aachane nalo.

Tahadhari hii ina uzito kwa sababu ya tofauti moja. Fedha iliyokosewa kwa simu inaweza kuripotiwa haraka, na kampuni ikaizuia kabla haijatolewa kwa wakala. Sarafu ya kidijitali ikishathibitishwa imepokelewa upande wa pili, aliyeituma hawezi kuirudisha. Aliyenaswa ahamishe mara moja kilichobaki kwenye pochi mpya, aiarifu kampuni aliyotumia kutuma, na ahifadhi anwani ya mpokeaji, namba ya muamala na picha za ukurasa kwa ajili ya polisi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tena ajihadhari na mwizi wa pili, yule anayejitokeza baadaye akidai anaweza kuzirudisha fedha hizo kwa malipo kidogo.

Hata hivyo mzigo huu haufai kubebwa na mfanyabiashara peke yake. Benki Kuu ya Tanzania ilitoa taarifa mwaka 2019 kwamba sarafu hizi si fedha halali nchini humo. Kenya ilipitisha sheria ya kuwasimamia watoa huduma wake mwaka 2025. Kila nchi ina njia yake, lakini tovuti ya wizi hufunguka sawasawa Kisumu, Mwanza, Bujumbura na Goma. Onyo linalotolewa katika mji mkuu mmoja halimsaidii mama anayevusha nyanya upande wa pili wa mpaka.

Jumuiya ya Afrika Mashariki inayo tayari mahali pa kuanzia. Kwenye mipaka mingi yapo madawati ya taarifa za biashara, ambako wafanyabiashara wadogo wenye bidhaa zisizozidi dola 2,000 husaidiwa kupata cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Benki kuu na mamlaka za mawasiliano za nchi wanachama zikubaliane orodha moja ya tovuti za ulaghai, na orodha hiyo ibandikwe kwenye madawati hayo kwa Kiswahili. Polisi wa pande zote mbili za mpaka wapokee malalamiko bila kumzungusha mlalamikaji kwa sababu tu mwizi wake hajulikani yuko nchi gani.

Viongozi wa vikundi vya wafanyabiashara nao wana kazi. Mara nyingi kiungo cha wizi huletwa kwenye kundi la WhatsApp na mtu anayeaminika, ambaye naye amedanganywa. Kiondolewe siku hiyo hiyo, na kila mmoja aelezwe sababu. Mtaji uliojengwa kwa miaka ya kulala stendi na kupanga foleni forodhani hauna budi kulindwa kwa swali moja la kuuliza kabla ya kubonyeza: kama kweli ni zawadi, kwa nini nianze mimi kutoa?