Uwanja Unaolaza Trela Si Uwanja wa Nyumba Tena

Ploti ya kawaida mjini, iwe Busia ya Kenya au Busia ya Uganda, ni ile watu waitayo hamsini kwa mia: futi 50 upande wa barabara, futi 100 kwenda ndani. Futi 50 ni mita 15 na robo hivi. Kontena refu linaloshushwa Mombasa lina futi 40, yaani mita 12 na ushei, na hapo bado hujaunga kichwa cha lori kinacholivuta. Trela moja ikiegeshwa sambamba na barabara huziba uso mzima wa ploti na kumgusa jirani. Ikiingizwa ndani, dereva huchukua barabara yote ya mtaa, hupanda mtaro wa nyumba ya ng'ambo, hurudi nyuma, husogea mbele, tanboi akipiga ubavu wa trela kwa kiganja na kupaza sauti. Ninaanza na vipimo kwa sababu mjadala wa watu wanaolaza malori mbele ya nyumba zao, kuanzia Busia na Malaba hadi viunga vya Tororo, huendeshwa kana kwamba ni ugomvi wa wivu: mmoja amepata, mwingine amekosa. Futi hamsini hazina wivu. Kitu kisichoenea katika uwanja wa mtu hutumia uwanja wa mwingine, na swali la haki ni nani anayelipia sehemu iliyozidi.

Malori hayo yana sababu ya kuwa hapo. Barabara itokayo bandari ya Mombasa hugawanyika magharibi mwa Nakuru, tawi moja likipita Eldoret hadi Malaba, jingine likipita Kisumu hadi Busia, na sehemu kubwa ya mizigo ya Uganda hupenya katika matundu hayo mawili. Bomba la mafuta la Kenya huishia Eldoret na Kisumu. Kutoka hapo petroli na dizeli huvuka mpaka juu ya magurudumu. Tarehe 24 Februari 2018 marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia, ambamo gari linalovuka hukaguliwa mahali pamoja badala ya kusimamishwa kila upande, na kabla ya hapo, tangu 2014, mfumo wa himaya moja ya forodha ulikuwa umeruhusu ushuru ulipwe mzigo ukiwa bado bandarini. Kwa mujibu wa karatasi, lori halina sababu ya kulala mpakani. Lakini hulala. Wakala anangoja hati isahihishwe, mwenye mzigo hajatuma pesa, mtandao umekwama, dereva amechoka, giza limeingia. Na anayelala kando ya barabara kuu huenda akaamka betri haipo, turubai limechanwa, dizeli imenyonywa. Kwa hiyo dereva hutafuta geti, na mwenye geti hugundua kwamba udongo wake wa mbele, ambao jana ulikuwa wa kufagiwa tu, unaweza kuzaa pesa kila usiku bila mbolea wala mvua.

Udongo huo, hata hivyo, ulikuwa na kazi. Marekani miji mingi hukataza watu kuegesha magari juu ya nyasi za mbele ya nyumba, na hoja kubwa huwa sura ya mtaa na bei ya nyumba za majirani. Kwetu hoja haianzi kwenye nyasi. Miongoni mwa Wasamia, Wamarachi, Wabukhayo, Wateso na Jopadhola, uwanja wa mbele hufagiwa asubuhi hadi udongo uonyeshe mistari ya ufagio, maana hapo ndipo mgeni hupokewa kabla hajaingia ndani. Hapo ndipo muhogo huanikwa, na omena, au mukene kama waitavyo ng'ambo. Watoto huchezea hapo mama akiwatupia jicho kutoka jikoni. Msiba ukitokea, hema husimikwa hapo na viti vya kukodi hupangwa, na katika maboma mengi nje ya mji makaburi ya wazee yamo humohumo. Jirani hukatiza uwanjani akienda kuomba chumvi, wala haombi ruhusa. Siku ya matanga huketi bila kualikwa. Uwanja wa mbele, kwa desturi ya huku, ni mali ya mtu mmoja inayotumiwa na watu wengi. Anayeugeuza kuwa yadi ya malori amebadilisha kitu ambacho wengine walikuwa nacho hisa, hata kama hisa hiyo haikuandikwa kwenye hati yoyote ya ardhi.

Lakini tuiache desturi, kwa sababu desturi hubadilika na si kila badiliko ni hasara. Tuitazame barabara. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya 2016, inaruhusu lori lenye ekseli za kutosha kufikisha tani 56, na ekseli moja yenye matairi manne kubeba tani 10. Barabara kuu hujengwa ikijua uzito huo unakuja. Barabara ya mtaa ni murramu iliyoshindiliwa, kalavati la sementi, na bomba la plastiki la maji lililofukiwa si mbali sana na jua. Tangu majaribio makubwa ya barabara yaliyofanywa jimbo la Illinois mwishoni mwa miaka ya 1950, wahandisi hukadiria kwamba uharibifu hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Maana yake ni kwamba ekseli ya tani 10, ikilinganishwa na ya tani 1 ya gari dogo, huichosha barabara si mara 10 bali mara 10,000. Jirani mwenye gari dogo la ekseli mbili, akitoka asubuhi na kurudi jioni kila siku ya mwaka, angehitaji karibu miaka saba kufikia kazi inayofanywa na ekseli moja ya trela iliyoshiba kwa kupita mara moja tu. Makadirio hayo yalitokana na lami na zege; murramu iliyolowa mvua ya Aprili haiwezi kuwa na huruma zaidi. Kalavati likipasuka, maji huacha mtaro na kuingia sebuleni kwa mtu ambaye hajawahi kupokea hata senti ya dereva. Bodaboda huongeza nauli au hukataa kuingia. Mwenye geti amepokea ada ya usiku; bili ya barabara imegawanywa kwa mtaa mzima.

Kuna pia bili ya mapafu na ya usingizi. Breki za lori hufanya kazi kwa upepo, na upepo huo hupungua gari likilala. Saa kumi za alfajiri dereva huwasha injini na kuiacha ingurume hadi mitungi ijae, ndipo anapothubutu kusogea. Moshi wa dizeli, ambao shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliutangaza mwaka 2012 kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu, huingia kwenye dirisha lililo karibu, na dirisha lililo karibu mara nyingi ni la mpangaji.

Lori la mafuta lina habari yake peke yake, na hapa sioni nafasi ya mapatano. Tarehe 31 Januari 2009, Sachang'wan karibu na Molo, lori la mafuta lilianguka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Julai 2021 yakatokea yaleyale Malanga, kaunti ya Siaya, kwenye barabara hiihii ya Kisumu kwenda Busia. Watu 13 walithibitishwa kufa mara moja. Hizo zilikuwa ajali za barabarani, penye nafasi ya kukimbilia. Tangi lililolala kati ya nyumba limezungukwa na majiko ya makaa, mafundi wa kuchomelea vyuma na nyaya za umeme zilizoungwa ovyo. Wala tangi tupu si salama: mvuke unaobaki ndani hulipuka kwa urahisi kuliko mafuta yenyewe. Mahakama za Kenya na Uganda zilirithi kanuni ya Kiingereza iliyothibitishwa mwaka 1868 katika kesi ya Rylands dhidi ya Fletcher, iliyohusu bwawa lililopasuka na kufurika katika machimbo ya jirani: anayeleta katika ardhi yake kitu cha hatari kisicho cha kawaida hapo, kikitoroka na kudhuru, alipe, hata kama hakuzembea. Shida ni kwamba mwenye uwanja wa kulaza malori pengine hana cha kulipia mtaa ulioungua. Kwa hiyo lori la mafuta lipigwe marufuku moja kwa moja kulala katika makazi, liwe limejaa au tupu.

Wapo watakaosema ardhi ni yangu, nitafanya nitakavyo. Sheria haisemi hivyo upande wowote wa mpaka. Kifungu cha 66 cha Katiba ya Kenya kinaipa serikali uwezo wa kudhibiti matumizi ya ardhi kwa ajili ya usalama, afya na mipango, na kifungu cha 242 cha Katiba ya Uganda kinasema jambo hilo kwa maneno machache zaidi. Sheria ya Kenya ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 inamtaka anayebadilisha matumizi ya ploti aombe idhini ya kaunti. Uganda iliitangaza nchi yote kuwa eneo la mipango katika sheria yake ya 2010. Hata mamlaka za mazingira za nchi hizi mbili zina jina moja, NEMA, kana kwamba zilikusudia kutuondolea kisingizio. Ploti iliyoandikishwa kuwa ya makazi, inayolipiwa kama ya makazi na kuingiza mapato ya yadi, imebadilishwa matumizi kimyakimya.

Hoja nzito zaidi ni ya umaskini. Mjane mwenye geti na watoto wanne, ambaye trela mbili kwa usiku humlipia karo, anatakiwa aache kwa ajili ya ufagio na desturi? Swali hili halijibiwi kwa kifungu cha katiba. Ila lazima liulizwe pia upande wa pili wa ukuta, kwa kuwa huko nako kuna mjane, naye hana geti la kupitisha trela. Anayefaidi ni yule ambaye tayari ana uwanja mpana, na anayeumia ni mpangaji wa chumba kimoja. Ukitetea mpango huu kwa jina la maskini, umemchagua maskini mwenye nafasi na kumsahau asiye nayo. Zaidi ya hayo, nisemayo hayamfungii mtu riziki. Boma lililo kando ya barabara kuu, lenye upana wa kutosha, lisilohitaji lori kukanyaga barabara ya mtaa, lipewe kibali: malori mangapi, saa ngapi injini inaweza kuwashwa, umbali gani kutoka dirisha la jirani na kutoka kisimani, choo cha dereva kiko wapi. Sehemu ya ada itengenezee kalavati. Ploti ya hamsini kwa mia ndani ya mtaa haitafuzu, na haitafuzu kwa sababu ya kipimo, hata mwenyewe awe nani.

Wengine watasema kosa ni la serikali, ambayo hutoza malori ada ya maegesho kisha huyaacha yajitafutie pa kulala. Wako sahihi nusu. Maegesho ya umma yenye ukuta, taa na walinzi ni wajibu usiokwepeka, na Januari 2022 ulionyesha gharama ya kukosa pa kuyaweka magari: madereva waligomea malipo ya kipimo cha korona upande wa Uganda, foleni ikarefuka kwa makumi ya kilomita, na petroli ikapanda bei vibaya Uganda. Dharura kama ile huhalalisha kila geti kufunguliwa. Lakini dharura ya majuma machache haiwezi kuwa kibali cha miaka. Wale wanaongoja reli iwaondolee malori pia wangoje wakifanya kazi. Uganda ilisaini mkataba wa reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala Oktoba 2024, na mtoto aliyezaliwa mwaka ule atasoma shule kabla lori la mwisho halijaondoka mtaani.

Magari mengi yaliyotumika ambayo hupita Busia kwenda Kampala yanatoka Japani, ambako tangu sheria ya 1962 mnunuzi wa gari la kawaida hutakiwa kuthibitisha kwamba ana mahali pa kuliegesha nje ya barabara, karibu na nyumbani, ndipo gari liandikishwe. Tumenunua magari, utaratibu tukauacha huko. Kwa lori wazo hilo linafaa hata zaidi: anayesafirisha aonyeshe, kabla ya safari, gari litalala wapi likifika mpakani. Na ionyeshwe pande zote mbili, kwa kuwa sehemu hii ya Kenya ilikuwa Uganda hadi 1902 na koo bado zimekaa juu ya mstari. Kaunti ya Busia ikikaza peke yake, trela zitavuka jioni na kulala mtaa wa Sofia, upande wa Uganda. Manispaa ya ng'ambo ikikaza, zitarudi Burumba, upande wa Kenya. Malaba na Tororo zitapokea mabaki. Maofisa wa mipango wa pande mbili huvuka mpaka huo kwa miguu kwa dakika chache. Wakae, wakubaliane juu ya vipimo vilevile na marufuku ileile ya lori la mafuta, na ada ya usiku iwe sawa kwa shilingi ya Kenya na ya Uganda, iandikwe kwa rangi kwenye geti, mahali ambapo dereva na jirani wote wawili wataisoma.