Nakuru isingoje wazamiaji wa Mombasa

Oktoba 21, 2017, helikopta iliyobeba watu 5 ilianguka ndani ya Ziwa Nakuru muda mfupi baada ya kuruka. Ziwa lile lina kina cha mita chache tu, lakini msako ulivuta kwa wiki kadhaa. Miongoni mwa walioitwa walikuwa wazamiaji wa Jeshi la Wanamaji, ambalo makao yake ni huku kwetu.

Miaka 2 baadaye msiba ukatufika sisi. Septemba 29, 2019, gari liliserereka kutoka kwenye feri ya MV Harambee pale Likoni, mama na mwanawe wakiwa ndani. Lilitolewa Oktoba 11, kutoka kina cha mita 58. Sote tunakumbuka zile siku 13, watu wamejazana ukingoni kila asubuhi. Basi anayesema ziwa ni dogo na bahari ndiyo kazi, aweke misiba hii miwili ubavuni kwa ubavu.

Maji ya ziwani yana tabia zake. Chini ya Ziwa Nakuru ni tope, mguso mmoja wa mkono na macho hayaoni kitu, mzamiaji anapapasa. Naivasha, ambalo maji yake ni baridi, lina mafunjo, magugu, nyavu zilizoachwa na viboko. Maji baridi hayamwelezi mtu kama ya chumvi, kwa hiyo mzamiaji aliyezoea bahari akifunga kiunoni risasi zile zile za Diani, atazama kuliko anavyotaka.

Tena kuna mwinuko, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Mtu akizama, naitrojeni huyeyuka katika mwili wake. Akipanda mahali pa juu kabla haijatoka, hugeuka mapovu ambayo yaweza kumlemaza au kumuua. Ndiyo maana miongozo inayotumiwa sana inamtaka mzamiaji asubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege ikiwa amezama mara moja, na saa 18 ikiwa ni mara kadhaa. Sasa fikiri: mzamiaji aliyekuwa kazini Likoni asubuhi, simu ikilia kutoka Nakuru adhuhuri, si salama kumpakia ndege jioni ile. Akienda kwa gari ni zaidi ya kilomita 600, na barabara nayo inapanda mlima ule ule.

Saa hizo zina thamani gani? Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, Ziwa Victoria, na zaidi ya watu 200 wakafa. Siku ya pili baada ya ajali, wazamiaji walimtoa fundi mmoja akiwa hai, aliyejisitiri ndani ya chombo mahali palipobaki hewa. Kungojea timu itoke mbali ni kukubali kwamba kazi yake itakuwa kutafuta maiti tu.

Na hata maiti ina haki yake. Kwetu Waislamu, kumwosha, kumkafini, kumsalia na kumzika mtu bila kuchelewa ni faradhi iliyo juu ya jamii nzima. Nakuru na Naivasha wako ndugu zetu wa siku nyingi.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti kazi ya zimamoto na kukabiliana na majanga. Maziwa ya Bonde la Ufa nayo yamekuwa yakipanda kwa zaidi ya miaka kumi. Kihoto, mtaa wa watu pale Naivasha, uliingiliwa na maji mwaka 2020, na tena 2025. Palipokuwa na nyumba na uzio sasa mashua hupita juu, na kilicho chini hakionekani. Kaunti inayonunua magari ya zimamoto haina sababu ya kushindwa kununua mitungi ya hewa na kuajiri watu wa kuivaa.

Watu wenyewe wapo. Ndege ya Precision Air ilipoanguka Bukoba Novemba 6, 2022, waliofika kwanza walikuwa wavuvi, na mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, akaajiriwa katika zimamoto la Tanzania. Wavuvi wa Kamere na Karagita wanalijua Ziwa Naivasha kuliko ofisa yeyote. Thailand nayo, mwaka 2018, iliwakuta watoto 12 na kocha wao ndani ya pango la Tham Luang lililofurika. Wanajeshi walikuwapo, na mmoja aliyekuwa mwanamaji wao alipoteza maisha, lakini waliowafikia watoto wale kwanza ni Waingereza wawili, Rick Stanton na John Volanthen, raia waliokuwa wakizama mapangoni kwa kupenda tu.

Huku kwetu mapenzi hayo yamekuwa kazi. Diani na Watamu kuna vijana waliokulia kwenye vituo vya kuzamisha watalii, na msimu wa watalii ukiisha hukaa barazani. Wenye vyeti vya ualimu wanaweza kwenda kufundisha Naivasha miezi ile ya kusi, wakishajifunza kwanza hesabu za mwinuko. Waende kwa mkataba na malipo, si kwa kuitwa usiku mtu akishazama. Magavana wetu wa Pwani wanayo jumuiya yao, na hukutana na wenzao wa bara mara kwa mara katika Baraza la Magavana. Hili wanaweza kulipeleka huko kabla ya mvua za masika.