Simu iwe ufunguo wa pili

Kikongo kilikopa neno nsabi kutoka chave ya Wareno. Kiswahili kilitazama kazi ya kitu: kufunga, kufungua, ufunguo. Kwa kipimo hicho cha kazi, simu inayofungua chumba cha hoteli ni ufunguo halali, na sina ugomvi na jina hilo. Ugomvi wangu ni na wale wanaosema hoteli zetu ziache funguo za chuma na kadi, simu ibaki peke yake.

Jambo lenyewe si jipya. Kampuni za Marekani, Starwood mwaka 2014 na Hilton mwaka 2015, zilianza kuwaruhusu wageni kufungua vyumba kwa simu. Hoteli hutuma ufunguo kwa intaneti ndani ya programu. Mgeni akifika mlangoni, simu huwasiliana na kitasa kwa Bluetooth. Kitasa kina betri yake, kwa hiyo umeme ukikatika mlango haugomi. Mgeni wa usiku wa manane anakwenda chumbani bila kupanga mstari, wala hana kadi ya kupoteza.

Lakini kwetu, Lubumbashi ao Bukavu, mgeni bado atasimama mapokezi, aonyeshe kitambulisho na kujaza fishi. Mstari haukuondoka. Kisha, betri ya kitasa hudumu miezi. Ya simu, siku moja. Msafiri aliyeshinda njiani akipiga simu na kulipa kwa simu hiyohiyo, anafika chaji imekwisha. Asubuhi akiisahau chumbani, amejifungia nje. Zipo simu za bei kali zinazofungua mlango saa chache hata betri ikiisha, lakini wengi wetu hatuzibebi. Na mama mwenye simu ndogo isiyo na programu yoyote, afanye nini? Ufunguo wa chuma, baba akitoka, anamwachia mkononi tu, bila nenosiri.

Tena kuna swali la nani anayeushika mlango kweli. Mwaka 2017 ilijulikana kwamba hoteli moja ya milimani huko Austria iliingiliwa na wahalifu wa kompyuta, ikashindwa kutengeneza kadi mpya za wageni mpaka ilipowalipa. Mwenye hoteli akasema anataka kurudia funguo za zamani. Zilikuwa kadi, si simu, lakini ugonjwa ni mmoja: mlango uko hapa, amri iko ndani ya mtambo.

Maoni yangu basi ni haya. Hoteli inayotaka simu iiweke kama ufunguo wa pili, kwa hiari ya mgeni. Mapokezi pasikose mtu usiku kucha, mwenye ufunguo wa akiba. Na mgeni asiye na simu hiyo asitozwe hata faranga moja zaidi. Amelipia chumba; kumfungulia ni kazi ya hoteli, si ya betri yake.